Erstwhile wa Erastus

Jumapili, 7 Machi 1999
Leo nimetambulishwa kanisani, hapa nyumbani Mitaboni. Erastus, mchumba wangu, bingwa wa maneno makubwa, alishika maikrofoni kama mbunge. "Bwana asifiwe! Huyu ni Ndanu, erstwhile mchumba wangu." Makofi! Vigelegele! Hata mimi nilitabasamu — nilidhani ni kitu kama "mpendwa".

Shangazi Loise hakupiga makofi. Alifundisha Kiingereza hadi akastaafu. Tulipotoka akanivuta mkono: "Amekuacha lini?" Nani, mimi? Akanieleza. Erstwhile ni wa zamani. Aliyekuwa. Kwa hivyo nimeachwa mbele ya kanisa zima na nikashangiliwa. Asante sana.

Jumatatu, 8 Machi
Nimemwambia Erastus polepole, kama mtu anatoa mwiba. Wapi! Ati Kiingereza cha Shangazi kimezeeka. Ati neno alilisikia kazini, kwa kiwanda huko Athi River. Mkubwa alimwita meneja hivyo, watu wote wakasimama.

"Ilikuwa sherehe gani?"

"Ya kumuaga."

Nikamwangalia. Hata hakushtuka!

Alhamisi, 11 Machi
Baba ameambiwa. Na nani? Shangazi, nani mwingine. Hakucheka. Amesema kama mimi ni wa zamani, basi wazee wa Erastus wasije Jumapili kuongea mahari. Wakae na mbuzi wao. Ama Erastus asimame pale pale kanisani arudishe neno lake.

Mama analia. Ameshaalika nusu ya soko.

Jioni Erastus amenipata mjini nikitoka kazini. Ati mwanaume haaibishwi na neno moja. Mwanamke je? Huyo anaaibishwa bila shida, inaonekana.

Jumamosi, 13 Machi
Aiya! Amekuja mpole, amenyoa. Amelitafuta neno kwa kamusi, maktaba ya mjini, yeye mwenyewe. "Shangazi yako ako sawa." Kidogo nianguke. Kesho atasema. Nimepiga pasi ile nguo ya manjano. Nimesamehe yote. Mimi ni rahisi hivyo.

Jumapili, 14 Machi
Maikrofoni tena. Akakohoa.

"Juzi nilisema Ndanu ni erstwhile mchumba wangu. Nimeambiwa nirudishe hilo neno." Akaangalia Baba. Akaangalia Shangazi. Mimi hakuniangalia. "Sirudishi. Nilichosema nimesema."

Makofi! Wanadhani ni mapenzi. Kwaya ikaanza kuimba.

Lakini safari hii anajua maana yake. Ni kiburi tu? Ni Baba anashindana naye? Ama ni —

Sasa wako sebuleni, yeye na wazee wake. Wamekuja na mbuzi! Mtu anayekuacha anakuja na mbuzi? Nimechungulia mlangoni, Erastus akanitabasamia vizuri kabisa, kama hakuna kitu.

Mama ameingia hapa na sufuria mkononi. Anauliza kama achemshe chai ya kuwakaribisha ama asichemshe, warudi na mbuzi wao. Baba amesema niulizwe mimi. Leo ndiyo naulizwa!

Nimesema ngoja kidogo. Anangoja. Amesimama tu hapo —