Figo Nimempa Mimi, Vidonge Hamezi

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijamrarua mtu niliyembeba mgongoni. Mdogo wangu wa kiume figo zilimharibikia, nikampa moja yangu, na daktari alisema asipomeza vidonge kila siku mwili utaikataa, ndiyo maana anapimwa damu kuona dawa imo kiasi gani, na majibu yalikuwa mazuri mpaka alipohamia maabara ya jirani na kibanda chake cha kunyolea, yakaja yameshuka, nikajua huyu hamezi, nikamvaa mbele ya mkewe, “Kama hukuitaka figo yangu si ungesema nibaki nayo,” naye akaapa anameza, lakini mashine itamsingizia kwa lipi? Sasa anameza mbele yangu, tena maradufu, eti nione, ila dhamira inamsuta, maana mikono inamtetemeka hadi chai inamwagika na wateja wanaukimbia wembe wake. Nimechoka kufanywa mjinga. Nimsuse?

Dada wa Figo Moja

Dada, mpeleke hospitali leo hii, haya mengine utayasoma kwenye foleni.

Uchungu wako nauelewa, lakini umenikasirisha. Nilimuuliza mtaalamu wa maabara, akaguna kabla sijamaliza. Dawa hiyo hupimwa kwa njia zaidi ya moja. Kuna inayohesabu dawa pamoja na masalia yake ambayo mwili umeshayavunja, namba inapanda. Kuna inayochambua dawa yenyewe tu, namba inashuka. Damu ni ile ile. Mdogo wako alihama maabara, husemi kama daktari aliambiwa, wala majibu yalipimwaje. Wewe ukajifanya hakimu.

Na hiyo figo, ulimpa au ulimkopesha? Mikono kutetemeka unaita dhamira. Huenda ni dawa iliyozidi, na ikizidi inaiharibu figo hiyo hiyo unayoililia. Kidonge cha ziada anakimeza ili umwamini.

Nendeni pamoja. Mwelezeni daktari habari ya maradufu bila kuficha neno. Asiache dawa wala kuipunguza kwa kichwa chake, daktari ndiye atakayepanga. Kuanzia sasa apimwe maabara moja, asubuhi kabla hajameza, na akitaka kuhama daktari ajue kwanza. Kwa mkewe utarudi kuomba radhi, pale pale ulipomtukania mumewe.

Daktari akiuliza kwa nini aliongeza vidonge, usimtazame mdogo wako. Jibu wewe.