Mshika Ufunguo wa Maji

Bwawani, 10 Januari 1990

Kwa mke wangu kikongwe, Bibi Johari wa Salale,

Hujambo na magoti yako? Mimi mjukuu wako nazidi kunawiri, na wewe nadhani unazidi kukunjika.

Bibi, kazi nimepata, na si ya mchezo! Hili bwawa la umeme limeuziba mto unaokuja kwenu, vilima vimegeuka visiwa. Wakubwa wanatoka Dar kuja kustarehe, wanakimbizana kwa boti bila kuvua hata dagaa. Na ufunguo wa milango ya maji anao nani? Mumeo! La saba lilinishinda, mto nimeuweza.

Mumeo,
Mudathiri

Salale, 29 Januari

Mume wangu mwenye meno ya panya,

Alhamdulillahi, magoti yananifikisha shambani. Barua nimeisoma mwenyewe, kisomo cha watu wazima hakikupotea bure.

Mwaka huu watu walitaka kupanda mpunga juu, wanaogopa gharika. Nikawaambia mshika ufunguo ni mjukuu wangu. Basi tumepanda bondeni kwenye udongo mnono, mimi na nyumba kumi na mbili. Mbegu yote imeishia humo. Wewe funga tu mpaka tuvune.

Mkeo,
Johari

Bwawani, 11 Februari

Mke wangu,

Salamu nyingi kama mbu wa Salale. Mimi mzima, ila barua yako imeniondolea hamu ya kula, na unavyonijua mimi na wali!

Bibi, ufunguo sina. Mimi naosha boti. Wakubwa wakishuka nasugua matapishi yao. Injinia wa bwawa nimemwuliza kama milango itafungwa mpaka mvune, kacheka mpaka miwani ikamdondoka. Anasema bwawa linajazwa kwa ajili ya mashindano ya boti tarehe kumi Machi, yakiisha milango inafunguliwa. Tokeni bondeni, we ajuza!

Mumeo muosha boti,
Mudathiri

Salale, 20 Februari

Mume wangu,

Hatujambo, miche imestawi. Barua yako nimewasomea watu kule juu ya dungu tunakolindia mpunga usiliwe na nguruwe. Jirani yetu Shaabani kacheka nusura aanguke. Eti muosha boti! Umeanza lini unyenyekevu? Endelea kufunga.

Mkeo,
Johari

Bwawani, 2 Machi

Bibi Johari,

Shikamoo. Barua hii anakuja nayo dereva wa lori la Kibiti, nimemsihi aifikishe kwa mtu wa mashua ya Salale, asiiache posta.

Wallahi mimi naosha boti. Barua ya kwanza nilidanganya. Maji yatafunguliwa tarehe kumi na moja. Ng'oeni miche mkapande juu. Nisamehe.

Mjukuu wako,
Mudathiri

Salale, 9 Aprili

Mjukuu wangu,

Marahaba. Tu wazima wote.

Niliposoma shikamoo nikakaa chini. Tangu upate kauli hujaniamkia bila kunitukana. Nikajua ni kweli. Shaabani naye hakucheka. Tuling'oa miche siku nne. Maji yalikuja tarehe kumi na nne, yakachukua dungu na miche tuliyokuwa hatujaifikia. Tuliyoihamisha, nusu imeshika. Tutakula, ila si kushiba.

Sikulaumu sana. Uwongo wako niliupenda, nilitamani awepo mtu wetu huko juu. Zamani gharika ilikuwa ya Mungu, tukimwomba yeye. Sasa watu wananiuliza nani anayefungua, tumwandikie mapema kabla ya kupanda mwakani. Wewe unayemwoshea boti, niletee jina lake.

Bibi yako,
Johari