Birika la Kubonyeza

Bweri, Musoma
14 Februari 2024

Kwa Wifi Boke,

Shikamoo. Sisi huku wazima. Wewe najua ni mzima, maana Yusto dereva wa Noah anasema juzi umemtukana kwa sauti isiyo na mafua.

Naandika kwa sababu namba yangu umeifungia. Barua analeta Yusto, na yeye huwezi kumfungia, ndiye anayekupelekaga mnadani.

Presha ya Baba imeshuka. Ila asubuhi hagusi kitu. Uji wa lishe anautazama kama hati ya mahakama. Chai anasema ni maji yaliyopakwa rangi. Anauliza birika lake tu, lile la kioo la kubonyeza, aliloachiwa na Padri enzi Baba akiwa mpishi misheni. Unajua hapa ni nyumba ya Wasabato, kahawa hatunywi wala hatuiweki. Lakini mzee wa miaka themanini na mbili siwezi kumwongoa kwa njaa. Mpe Yusto birika na buni kidogo.

Wifi yako,
Stellah


Butiama
18 Februari 2024

Wifi Stellah,

Marahaba. Nimeitikia kwa sababu Mama alitufundisha kuitikia hata mwizi akisalimia. Huku mimi mzima, ng'ombe wazima, kaburi la Mama limeanza kuota majani.

Birika haliondoki. Wewe na kaka yangu Eliud mlikuja matanga hayajapoa, mkampakia Baba kwenye gari kama gunia la mihogo, mimi sipo. Leo mnataka na vyombo. Kesho mtatuma watu wang'oe mlango?

Miaka arobaini Baba ndiye aliyekuwa anamtengenezea Mama kahawa kila asubuhi. Mwanaume mzima, anabonyeza birika uani, watu wakapita wakicheka mpaka wakachoka wenyewe. Buni ni za miti ya Mama, hiyo iliyo nyuma ya zizi. Anayeitaka kahawa hiyo njia ya kwao anaijua.

Buni nimekutumia, nimezikaanga kwa mkono wangu. Sijazisaga. Tuone Msabato atafanyaje. Na sikia: siku Baba atakapokunywa kahawa ya mkono wako na kuiita kahawa, nitanyamaza. Akae hukohuko. Lakini hiyo siku haipo kwenye kalenda yenu wala yetu.

Wifi yako, kwa bahati mbaya,
Boke


Bweri
3 Machi 2024

Wifi Boke,

Shikamoo, ingawa itakuuma. Hali zetu njema. Mtoto wetu Neema alikuwa na kikohozi, kimeisha, hukuuliza lakini nimekuambia.

Birika lako litunze. Nilikwenda Bunda kwenye mnada nikapata lingine kwa muuza vyombo vya mtumba. Alidhani ni kifaa cha maabara. Nilimwacha adhani.

Sasa nieleze ulichotia kwenye hizo buni. Nimezisagisha, nimetia maji ya moto, nimebonyeza. Mti wa kubonyezea uligoma mpaka nikaulalia kwa kifua. Nilipommiminia Baba akanywa. Siku ya pili akanywa. Siku ya tatu akaweka kikombe chini, akasema, "Mama Neema, hii kahawa haijachumwa. Hii imevuliwa."

Nimenusa: inanuka dagaa! Mimi sinywi, ningejuaje? Umehifadhi buni za mgonjwa na dagaa ili nionekane sijui kulea. Hiyo ni roho gani, wifi?

Na hilo la kumwiba Baba, tuliseme lote. Siku ile tulimkuta peke yake, amelala na viatu, sufuria zimekauka. Siku ya tatu hiyo. Jirani akasema Boke yuko Bunda. Hilo mbona huliandiki?

Wifi yako,
Stellah


Butiama
7 Machi 2024

Stellah,

Marahaba. Nimecheka mpaka ng'ombe wamegeuka kunitazama.

Umezisagisha wapi? Usijibu. Mashine ya pale Mwigobero, unaposagisha dagaa wa chakula cha kuku. Umechukua buni za Mama, umezipitisha kwenye tumbo la mashine iliyosaga magunia ya dagaa tangu asubuhi, halafu mchawi ni mimi. Jumamosi mkikutana kanisani uwaambie waombee pua yako.

Bunda nilikwenda kwa Shangazi Ursula kufuatilia msalaba wa Mama. Fundi alisema siku moja, akanizungusha tatu. Nilimwachia Baba chakula na jirani. Chakula kiliisha, jirani niliyemwagiza alisafiri, si huyo mliyeongea naye. Nalijua hilo kila siku ninapoamka, sihitaji wewe kuniandikia.

Haya yafuatayo si kwa ajili yako. Ni kwa sababu siwezi kulala nikijua Baba anakunywa samaki.

Twanga mwenyewe kwenye kinu kikavu kisichojua kitunguu saumu. Usifikishe unga. Ishia inapokuwa kama chenga za mchele. Mti kugoma maana yake umesaga laini, na ukiulalia tena kioo kitakupasukia usoni, sitakuja kukuuguza. Maji yachemke, uyaepue, uyaache mpaka yaache kupiga kelele. Birika lisuuze kwa maji ya moto kwanza. Vijiko vinne vya chakula vilivyojaa kwa birika zima. Mimina, koroga kwa mwiko wa mti, funika. Hapo ndipo wengi wanaharibu, wana haraka. Mama alikuwa anasali fungu moja la rozari, Salamu Maria kumi, polepole. Akimaliza ndipo Baba anabonyeza, taratibu, kwa uzito wa mkono tu. Mimina yote kwenye vikombe palepale. Ikibaki birikani inakuwa chungu kama mimi.

Buni zingine hizi hapa. Bado hataiita kahawa.

Boke


Bweri
26 Mei 2024

Wifi Boke,

Shikamoo. Najua kimya changu umekitafsiri vibaya. Sikuwa na cha kukuandikia mpaka niwe nacho.

Salamu Maria kumi sikusali, usinitafute kwa hilo. Kipimo cha muda nilipata cha kwangu. Mengine yote nimefuata, wiki kumi na moja. Kinu nimenunua kipya. Majirani wanasikia harufu, wazee wa kanisa wameshakuja mara mbili kuniuliza. Nikawaambia ni dawa ya mkwe wangu. Mmoja akaomba aonje hiyo dawa.

Baba alikuwa anakunywa nusu kikombe. Wala hanisifu wala hanisuti. Nimeolewa nikiogopa mama mkwe, kumbe wa kuogopwa alikuwa huyu.

Ijumaa asubuhi nimemmiminia. Akanusa. Akanywa, akamaliza. Akasukuma kikombe niongeze, akanywa tena. Akasema, "Sasa hii ni kahawa."

Nilitaka kukimbia barabarani kumtafuta Yusto hapohapo, Boke, nikuletee aibu yako ikiwa ya moto.

Halafu akaniuliza, "Viatu vyangu viko wapi?"

Amevivaa tangu hiyo Ijumaa. Analala navyo. Eliud amembembeleza, daktari amemwambia apumzike, yeye anakaa mlangoni na kamfuko kake. Anasema amekumbuka kwao. Kahawa mbaya ilikuwa inamkalisha, mimi nimejipinda nikaitengeneza.

Jumapili ijayo tunamleta. Dawa za presha nimeziandika kwenye karatasi, asubuhi na jioni. Safari hii ukienda Bunda, mfungulie mtu simu kwanza.

Wifi yako,
Stellah


Butiama
16 Juni 2024

Wifi Stellah,

Marahaba. Baba mzima, presha nampima kwa kile kimashine mlichoacha. Namba yako nimeifungua, kwa ajili ya presha tu, usinipigie kunisalimia. Hili la leo siwezi kulisema kwa sauti, ndiyo maana naliandika.

Mlipoondoka nilimtengenezea kwenye birika lake mwenyewe, buni zilezile, rozari ileile. Mikono yake inatetemeka sasa, nikabonyeza mimi. Akanywa mbele ya kaburi la Mama, kiti kimegeukia msalaba. Nikangoja anisifu kama mtoto wa darasa la kwanza.

Akasema, "Nzuri. Ila mke wa Eliud haharakishi."

Nikamwambia nimesali zote kumi. Akasema nimezisali kama ninayefukuza kuku. Wewe, anasema, ulikuwa unaimba. Unasimama na mwiko mkononi unaimba mpaka mwisho, hurukii ubeti, na alikuwa anafumba macho anadhani yuko uani kwake.

Nimejaribu wiki mbili. Kila asubuhi anakunywa, ananitazama, anasema, "Bado."

Yusto anangoja barabarani anapiga honi, kwa hiyo nafupisha. Niandikie wimbo huo ni upi, na ni beti ngapi. Maneno yote. Nitauimba hivyohivyo wa Kisabato, padri akiniuliza nitasema ni dawa.

Usifikirie tumepatana.

Wifi yako,
Boke