Mama Mkwe Alinisikia Kupitia Juu ya Silingi

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana mama mkwe wangu anafunga mizigo na sababu naijua mimi peke yangu.

Mimi ni fundi silingi, mwaka wa kumi na nne huu, na mwaka jana nilikigawa chumba chetu kikubwa kwa ukuta wa bodi, huku tulale mimi na mke wangu, kule walale wageni, na kwa uvivu ukuta ule nikauishia kwenye silingi, sikuupandisha mpaka kwenye zege la juu, sauti ikabaki na njia, nikajiambia hapa ni kwangu, nani atakagua, basi mama mkwe akaja kuuguza goti baada ya upasuaji, wiki ya sita sasa, na Jumapili mchana nikamwambia mke wangu, tena bila kunong'ona, "Huyu mama yako anaondoka lini? Redio yake inanipasua kichwa, nyumba imekuwa wodi!" Tangu siku hiyo redio haijawashwa, chakula anakigusa tu, mimi ananiambia "pole na kazi, baba" kwa upole unaonichoma, na mke wangu anamgombeza kwa ukaidi wake wa kutaka kuondoka, kwamba atapandaje ngazi za kwake peke yake na goti lile. Jana nimejilaza, nikamsikia akiongea na dada yake kwa simu, kila neno likipita juu ya ukuta na kunishukia kitandani: "Mkwe wangu hana ubaya, dada, nimemchosha tu." Mshauri, nililia. Kuziba ni kazi ya siku moja, lakini nizibe kimyakimya yaishe, au niseme, na nikisema uso wangu nitauweka wapi?

Fundi Mwenye Aibu

Fundi, pole. Wiki sita za kuuguza zinachosha, na kuchoka si dhambi. Asiyejali asingelia. Lakini umemwachia mama wa watu mzigo wa maneno yako juu ya goti bovu, na bintiye anamgombeza kwa kosa lako. Hapo sikubembelezi.

Eti uzibe kimyakimya! Mama atasikia nyundo, naye si mtoto. Ataelewa kwamba umejenga mahali pa kumsema kwa raha zaidi.

Mwambie mkeo leo. Kisha ingieni wote wawili kwa mama, uketi, useme: "Mama, nilisema vibaya na najua ulisikia. Nisamehe." Usiseme "kama nimekukwaza", umemkwaza. Habari za redio usiziguse, isipokuwa kuiwasha.

Kesho mhamishie sebuleni, mbali na vumbi, ufanye kazi uliyoikimbia mwaka jana. Fungua silingi, pandisha ukuta mpaka kwenye zege, bodi pande zote mbili, katikati jaza sufi ya kuzuia sauti, na uzibe kila upenyo, hata matundu ya nyaya. Kutandaza sufi juu ya silingi tu ni kulipua kazi, na wewe unajua kuliko mimi.

Ila bakiza wazi nafasi ya bodi moja, juu ya silingi. Mrudishe mama chumbani, wewe ingia kwako, na kwa sauti ileile ya Jumapili umwambie mkeo kwamba unataka mama akae mpaka atembee bila fimbo. Useme tu kama unamaanisha. Atasikia. Kisha funga bodi.