Nusu ya Paa la Nakiru

Mama mpendwa,

Ejok! Mimi mzima, ila jua la Kakuma linanikaanga kama samaki. Jana dada wa utafiti ninayemtafsiria aliwauliza wanawake wa kijiji kimoja, wakipigwa nyumbani wanafanyaje. Mmoja wao, Nakiru, alikuwa na jicho lililovimba. Mumewe Lokwang akadakia kutoka kwenye kigoda chake: "Akinisumbua namfukuza nyumbani kwangu!"

Mama, wale wanawake walivyocheka! "Nyumba yako? Fito ulikata lini? Si Nakiru alijenga?" Nakiru akainuka, akaanza kung'oa makuti ya paa, wenzake wakamsaidia. Dada akaniuliza, "Kwani wanafanya nini?"

Nikamwambia, "Anamwacha mume, nyumba anaenda nayo."

Lokwang akabaki juani na kigoda. "Jamani, hata kivuli niachieni!" Mwishowe akaapa mbele yetu sote hatampiga tena. Nakiru akarudisha nusu ya paa tu. "Ile nyingine nitairudisha nikiona umeshika kiapo."

Leo tumepita tena. Jicho la Nakiru linaanza kufunguka, na Lokwang ametusalimia kwa adabu sana, amejikunja kwenye kivuli chake chembamba.

Mbusu mwanangu Ekal. Mwambie titi la mama linamkumbuka, na roho pia.

Binti yako,
Arot