Bisi ya Mkwe

Kibabi, tarehe 10 Julai 2022

Mama mpenzi,

Nakusalimu sana, na naomba barua hii ikukute umeketi vizuri, nyonga ikiwa imenyamaza. Unalala? Unakula? Mama mdogo Blandine bado anakoroma mpaka majirani wanaamka? Sisi huku ni wazima. Tena ni wazima na nusu, kwa sababu tarehe mbili ya mwezi huu nimejifungua. Msichana! Baada ya miaka tisa ya ndoa, Mama, miaka tisa ya watu kuniangalia tumbo kabla ya kuniangalia uso. Ana kilo tatu na nusu, ana nywele nyingi, na akilia hata wauza maharagwe wa barabarani wanageuka.

Hana jina. Watu wanakuja na sabuni na sukari, wanauliza anaitwa nani, nawajibu: "Jina iko kwa koko yake, kule Walikale." Si ndivyo ulivyonifundisha? Kwetu mzaliwa wa kwanza hupewa jina na mama wa mama yake, akiwa amepakatwa magotini. Si kwa simu wala kwa kutumana. Padri ameandika ubatizo tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Ameniambia: "Mimi sitaandika 'mutoto' mu kitabu ya paroisi. Mulete jina."

Najua utasema nyonga. Ndiyo maana nakuandikia vizuri. Unakumbuka ile bisi ya abiria iliyokufa karibu na Mubambiro, kuku walikuwa wanataga kwenye viti? Mkwe wako Philippe aliinunua, ikakokotwa na lori mpaka hapa, na tangu Pasaka mimi ni mjane wa bisi. Aling'oa viti, akabakisha vinne vya mbele. Nyuma ameweka kitanda cha mbao za mkaratusi na godoro nene. Ni godoro letu. Sisi tumerudia lile la zamani. Rido za madirisha nimezishona kutoka kikwembe changu cha harusi. Kuna bidoni ya maji juu ya paa yenye bomba lake, kuna kabati ambalo sahani hazianguki hata gari likiruka, na kuna mbabula ya makaa aliyoifunga sakafuni kwa bolti nane, ili upate chai ya moto popote mtakapolala. Hizo bolti nane anamwonyesha kila mgeni kabla ya kumwonyesha mtoto.

Ataondoka hapa tarehe 26. Ni safari yake ya kwanza ndefu. Mpaka sasa bisi imefika sokoni na kurudi tu. Funga mizigo, Mama. Utakuja umelala.

Mtoto wako, Wivine


Njia ya Omate, tarehe 19 Julai 2022

Mwanangu Wivine,

Salamu nyingi kwako, kwa mumeo, na kwa huyo mwenye kelele. Mimi ni mzima, nyonga ni ile ile, na Blandine anakoroma.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nilicheza, nyonga ikanikumbusha umri wangu. Mara ya tatu nilimsomea Blandine, naye akakimbia nje kupiga vigelegele bila hata kunisubiri nimalize. Mara ya nne nikaanza kufikiri, na ingekuwa heri nisifike mara ya nne.

Mwambie mumeo asante. Lakini mimi siwezi kuja na hiyo bisi.

Umesema ina kitanda. Umesema ina rido na sahani, na moto uliofungwa sakafuni. Mwanangu, hilo si gari. Penye kitanda na moto ni nyumba, hata kama ina magurudumu, na hiyo ni nyumba ya mkwe wangu. Mimi nimelala lini chini ya paa la mkwe? Nilikuja kwako mara moja tu, nyonga ikiwa bado nzima. Nilishinda mchana, jioni nikaenda kulala kwa masista, wewe ukalia mlangoni, na mimi nililia njiani ingawa sikukuambia. Hata jina lake silitamki. Sasa nilale kwenye kitanda chake siku nne, eti kwa sababu mbele kuna usukani?

Angeleta gari la viti vitupu, ningekaa nivumilie. Hizo bolti nane ndizo zimeharibu kila kitu.

Umbembeleze padri asogeze siku, labda nyonga itapona niweze kupanda pikipiki. Hapo najidanganya, najua. Nataka sana kumshika huyo mtoto, Wivine. Sijui kama nimewahi kutaka kitu hivi.

Mama yako, Adelaïde


Kibabi, tarehe 28 Julai 2022

Mama mpenzi,

Shikamoo ya haraka, hali njema, natumaini na kwako pia. Barua yako imefika jana. Bisi imeondoka juzi!

Kijiji kizima kilitoka. Philippe alipiga honi, ameweka honi ya lori, ng'ombe wa jirani yetu Sebarenzi wakaruka uzio na mpaka sasa mmoja hajapatikana. Alikuwa amevaa shati la Pasaka. Nilimwona anapotea kwenye kona, mkono nje ya dirisha, na nilifurahi mpaka maziwa yakamwagika. Kesho yake barua yako ikafika.

Mama, usimfukuze. Yeye hajui. Amekulia mjini Butembo, hakuna aliyemwambia kwamba kwetu moto ndio unaofanya nyumba. Ni mimi niliyepaswa kumwambia. Kila jioni nilimshikia taa akifunga zile bolti, na sikukumbuka hata kidogo. Nilikuwa na mimba na furaha. Kosa ni langu, na nimelia nalo leo asubuhi yote.

Motari huyu wa pikipiki nimempa barua na ndizi mbivu, ameapa ataipita bisi kabla ya Walikale. Wewe unajua desturi kuliko sisi wote. Basi nakuomba uifikirie mpaka mwisho wake.

Mtoto wako, Wivine


Njia ya Omate, tarehe 4 Agosti 2022

Mwanangu Wivine,

Salamu. Mimi ni mzima, na nitakueleza kwa nini ni mzima kuliko juzi.

Motari wako alifika nusu saa baada ya bisi. Ndizi alikuwa amekula.

Mumeo alisimamisha bisi mbali, kwenye njia panda, akashuka, akanipa mgongo kama inavyotakiwa. Amekulia mjini, lakini heshima anayo. Watu wote walikuja kuangalia, hata wachimbaji wa dhahabu walitoka mashimoni wakiwa na matope usoni. Nikamtuma Blandine ampelekee neno. Blandine hajui kulipamba neno, alipaza sauti mbele ya wote: "Mama anasema hii bisi iko nyumba yako, njo maana hawezi kulala ndani!"

Nilimwona mumeo anakunja mikono ya shati. Kisha akasema, bila kugeuka: "Basi nitaibomoa. Munipatie mwanga tu, jua inaenda kuzama." Akachukua spana, akaingia ndani, akaanza kuzifungua bolti moja moja. Mtu aliyejivunia bolti nane, Wivine, anazing'oa mwenyewe bila neno hata moja la uchungu. Saba zilitoka. Ya nane ilikataa, akaipiga kwa nyundo mpaka ikakubali, akaibeba mbabula na kuiweka majanini. Halafu akaanza kubomoa kitanda.

Hapo moyo ukanishinda. Nikapiga kelele: "Blandine, mwambie aache kitanda!"

Maana wakati anahangaika na ile ya nane, mimi nilikuwa nafanya kama ulivyoniomba, nafikiria mpaka mwisho. Moto ndio unaofanya nyumba. Sawa. Na nyumba ni ya nani? Ya mwenye moto. Mwanamke akiweka mafiga yake mahali, mahali pale ni pake, na hakuna mume wala mkwe anayeweza kuyaondoa. Nikaenda jikoni kwangu, nikayatoa mafiga yangu matatu, yale ambayo wewe umekulia ukiota joto lake. Wachimbaji walitengeneza sanduku la bati, tukalijaza udongo, tukayapanga ndani ya bisi pale mbabula ilipokuwa. Mumeo akaweka ufunguo juu ya ungo, akauacha chini, akarudi nyuma hatua kumi. Blandine akauokota, akaniletea. Tumechinja kuku, watu wameshuhudia.

Kwa hiyo nakujulisha kwamba nina bisi. Sasa yeye ndiye asiyeweza kulala ndani. Nimemruhusu kuendesha, kwa kuwa kuendesha si kulala, na Blandine atakaa mbele kuhakikisha hayo mawili hayachanganyiki.

Tunaondoka kesho.

Mama yako, Adelaïde


Kabla ya Nyabiondo, tarehe 11 Agosti 2022

Mwanangu,

Hujambo, mtoto hajambo? Sisi hatujambo, isipokuwa hatuendi.

Lori la mbao limekwama mbele yetu kwenye matope na sisi tumekwama nyuma yake, siku ya pili sasa. Nakuandikia kitandani, rido yako imefungwa, nyonga imelala. Tangu tuondoke sijaumia hata mara moja. Nimeona msitu wote kupitia dirishani kama mke wa gavana. Jioni tukisimama nawasha moto wangu, napika sombe, na kila anayepita anauliza kama hapa ni hoteli.

Mumeo analala chini ya bisi, juu ya turubai. Juzi mvua ilinyesha, nikasikia anahamahama huko chini kutafuta pakavu. Nikamwambia Blandine amwambie aje akae kwenye kiti cha mbele, akiwa macho. Akajibu: "Mumwambie Mama, kiti iko ndani ya nyumba yake. Huku chini nimezoea." Hivyo ndivyo tunavyozungumza: mimi naongea na Blandine, yeye anaongea na Blandine, na Blandine anarudia kila neno ambalo wote tumekwisha kulisikia. Sauti imemkauka. Anadai alipwe sukari.

Lakini kuna jambo ambalo mumeo alimsimulia Blandine jana, na alijua nasikia. Alimsimulia habari za mama yake, marehemu Valérie. Alipougua, alitaka kwenda kumwona dada yake kwa mara ya mwisho, na hapakuwa na gari ila lori. Walimweka juu ya magunia ya vitunguu. Alifika, ndiyo, lakini kila shimo la barabara alilia, na mwanawe akiwa amemshika mikononi alikuwa anayahesabu mashimo. Akasema: "Nilijiambia, kama Mungu atanipa mama mwingine, ule atasafiri juu ya godoro."

Blandine hakurudia. Ilikuwa mara ya kwanza njia nzima asirudie. Mimi nimelia nyuma ya kikwembe chako cha harusi, kimelowa, utakifua.

Wanasema kesho watu wa kijiji watakuja na kamba. Zimebaki siku nne. Mwambie padri kawia ufike.

Mama yako, Adelaïde


Kibabi, tarehe 13 Agosti 2022

Mama,

Salamu, afya, yote. Barua ya matope imenifikia leo kwa motari. Nimemwambia padri kawia ufike. Amejibu: "Misa inaanza saa tatu. Bikira Maria mwenyewe hakungojea bisi."

Nimempelekea kuku. Kuku amemchukua, ila saa haikubadilika. Mama, tafadhali, njooni.

Mtoto wako, Wivine


Kibabi, nyumbani, tarehe 18 Agosti 2022

Mama mpenzi,

Nakusalimu kutoka hatua kumi na tano. Kupitia dirishani naona moshi wako unatoka vizuri, kwa hiyo sikuulizi afya. Nakuandikia kwa sababu kuna maneno yatanishinda kusema mdomoni, na kwa sababu nataka mtoto ayasome siku moja.

Tarehe 15 nilikuwa kwenye benchi la mbele, watoto sita wamekwisha kubatizwa, wa kwangu amebaki peke yake. Padri aliniangalia, nikaangalia chini. Akasema: "Wivine, sasa tufanye nini?" Na hapo tukasikia honi ya lori. Ng'ombe wa Sebarenzi waliruka uzio tena, watu walicheka, hata padri alificha uso kwenye kitabu. Mliingia mmejaa matope mpaka kope, wewe umebebwa juu ya kiti na wanaume wanne, Blandine nyuma akipiga vigelegele kwa sauti iliyokauka. Philippe alibaki nyuma ya nguzo, kwa heshima yako.

Nilikuwekea mtoto magotini. Ukamtazama muda mrefu, naye akanyamaza, yeye asiyenyamaza kwa mtu. Kila mtu alingojea jina la mama yako, au la shangazi zako. Hata mimi nilikuwa nimeanza kulizoea jina la bibi yako. Padri akauliza, nawe ukasema: "Valérie."

Padri alifikiri hakusikia. Ukasema tena, kwa sauti ya kufika kwenye nguzo: "Valérie. Mwenye alizaa huyu muntu, jina yake isipotee."

Mama, nimekaa na Philippe miaka tisa. Sikuwahi kumwona akikaa chini sakafuni kanisani. Mpaka leo akimwita mtoto, anaita polepole, kana kwamba jina linaweza kuvunjika.

Sasa ninalotaka kuomba. Umesema Jumatatu unarudi. Lakini hesabu pamoja nami: umelala usiku tatu kwenye uwanja wangu. Hujalala chini ya paa la mkwe hata dakika moja. Uko nyumbani kwako, penye mafiga yako, na asubuhi nafungua mlango nakuona. Miaka tisa nililia kwamba hili haliwezekani. Philippe hataki bisi irudi kwake. Anaomba ruhusa tu, kupitia dirishani, achukue spana zake alizosahau chini ya kitanda.

Usiende Jumatatu, Mama.

Mtoto wako, Wivine


Kibabi, kwenye bisi, siku hiyo hiyo

Mwanangu,

Salamu. Niko mzima, unaniona.

Spana Blandine ameziweka mlangoni. Mwambie mumeo akimaliza nazo aweke mawe makubwa nyuma ya magurudumu yote manne, maana uwanja wenu una mteremko na mimi sina haraka.

Valérie analia, namsikia kutoka hapa. Mlete. Moto unawaka.

Koko yake