Kitangari Haijasogea

Somoe wetu anakuja nyumbani! Shikamoo, Baba Somoe. Huku Dodoma jua kali, nakukumbuka wewe na ukungu wa kwetu.

Jana mwanao alinionesha kazi yake. Setilaiti inapiga rada kutoka juu, hata ukungu hauizuii, na penye tetemeko wanajua ardhi ilikoshuka na nyumba zilikoanguka. Picha ina rangi kama mkeka, zinaonesha ardhi iliposogea. Mabosi wanamsikiliza mwanangu mimi!

Nikamwambia, "Nioneshe na kijiji chetu, Kitangari."

Akaitafuta, akacheka. "Haijasogea hata upana wa kidole, mama."

"Sasa mbona miaka yote hii huji? Uliyesogea ni wewe."

Akalia. Leo kaomba likizo, kapewa.

Wanunuzi wa korosho siku hizi wengi. Usiwauzie zote, mbakizie Somoe. Ndugu wote waje kumpokea Jumamosi ya kwanza baada ya Idi.